Mikono Mfukoni

Watoto wote waliofundishwa na Marketta Tossavainen pale Kuopio, Ufini, waliijua sheria yake ya kwanza hata kabla hawajajua kusimama: barafuni hakuna kutia mikono mfukoni. Mwenye mikono mfukoni ameshaanguka, alikuwa akiwaambia, ila habari haijamfikia. Baridi iume inavyotaka, pua ziwe nyekundu zinavyotaka, mikono ibaki nje. Na yeye mwenyewe, kwa miaka thelathini na minne ya kufundisha, hakuna aliyewahi kumwona amesimama kando ya uwanja bila mikono yake kuwa juu ya ubao unaozungushia uwanja, ikigonga mdundo wa muziki, ikipiga makofi, au ikimtishia mtu.

Saimi Hautaviita alikuwa chini ya mikono hiyo tangu ana miaka minane, enzi hizo kofia ikimfunika macho. Sasa alikuwa na ishirini na mitano, na kwa mchezo wa kuteleza kwa madaha huo ni uzee, tusidanganyane. Mkataba wa kazi ya uuguzi alikuwa ameshautia sahihi, angeanza baada ya kiangazi. Kabla ya kuvitundika viatu alitaka kitu kimoja tu: kwenda kwenye mashindano ya dunia mwezi wa tatu, mara moja katika maisha yake, hata kama angeshika mkia.

Lakini kule watu hawaendi kwa kutaka. Chama cha taifa kilikuwa na nafasi moja, na Saimi angepewa iwapo tu angefikisha alama za chini zinazodaiwa na sheria. Tena si alama zote, bali zile za ufundi peke yake, zinazolipia miruko, hatua na kule kuzunguka papo hapo kama pia, nako huitwa pia. Madaha ya mikono na uso wa huzuni vina alama zake kando, na hapa havikumsaidia. Katika onyesho fupi alikuwa ameshafikisha tangu mwaka jana. Lile refu, la dakika nne, ndilo lililomtesa: lilidai hamsini na moja. Vuli nzima alikuwa akizifukuzia. Mara ya kwanza alipata arobaini na tisa na kidogo, mara ya pili hamsini nukta mbili, mara ya tatu hamsini nukta saba. Nukta tatu tu, jamani. Mtu anaweza kuugua kwa nukta tatu.

Orodha ya majina ilikuwa inafungwa Jumatatu. Yakabaki mashindano ya mwisho, Kombe la Kallavesi, Jumamosi mchana, nyumbani kwao Kuopio, kwenye uwanja uleule ambao Saimi alijifunzia kufunga kamba za viatu. Walikuja watelezaji kumi na wanane kutoka nchi tisa. Baada ya onyesho fupi la Ijumaa, Saimi alikuwa wa kumi.

Marketta hakulala vizuri usiku ule. Si kwa sababu ya hesabu, hesabu alizijua kichwani. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa na jina, na jina lenyewe hakuwa amelitamka mbele ya binti huyo kwa miaka miwili. Ni mruko unaoitwa ritberga. Unauruka kwa mguu wa kulia, unatua kwa mguu huohuo wa kulia, na mguu wa kushoto hauna la kukusaidia. Zamani Saimi aliuruka kwa mizunguko mitatu bila wasiwasi. Mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi, mazoezi yameshakwisha, binti amechoka, na Marketta akamwambia, kama alivyomwambia mara mia kabla ya hapo, "Moja tu, halafu kahawa."

Ile moja ndiyo iliyomvunja kifundo cha mguu. Sauti yake Marketta aliisikia akiwa upande wa pili wa uwanja. Kahawa hawakunywa, walikwenda hospitali, na Saimi akakaa miezi saba bila kukanyaga barafu. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Wazazi hawakumlaumu, binti mwenyewe alimtania kutoka kitandani kwamba sasa atajua raha ya kulala mchana. Lakini mtu halaumiwi na wenzake tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husemwa, na Marketta alikuwa ameshalia, ndiyo maana akawa anachelea. Tangu siku hiyo ritberga ya Saimi ikawa ya mizunguko miwili, ikawekwa mwisho kabisa wa miruko saba, ili ipite tu. Maneno "moja tu" Marketta aliyafuta mdomoni mwake.

Wiki tatu kabla ya Kombe, katika chumba cha kubadilishia nguo, aliona alama kubwa ya zambarau kwenye nyonga ya Saimi. Akauliza. Saimi akasema ameteleza kwenye ngazi za sauna kwa bibi yake. Marketta akaguna, akampa marhamu, akamwambia mtu anayeishi kwa kuteleza hana haja ya kwenda kuteleza na kwa bibi yake bure. Mambo yakaishia hapo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Yrjö Miettinen, mwenyekiti wa klabu, mwoka mikate mstaafu mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alikuwa amewaletea waliojitolea kazi kalakukko tano, ile mikate iliyojaa samaki ndani, akawa anazikata mwenyewe na kumweleza kila mgeni kwamba Mfini asiyetoka mkoa wao wa Savo hawezi kuipika. Alimfuata Marketta pale mlangoni pa uwanja kumpelekea kipande. Marketta akamwambia leo akila ataimeza na karatasi. Yrjö akacheka, akaenda kukaa nyuma ya benchi la kungojea alama, mahali ambapo kamera ingemwona.

Jina la Saimi likaitwa, wa mwisho kwa kura. Ukishaitwa una nusu dakika ya kufika mahali pako na kutulia, ukichelewa unakatwa. Saimi akasogea ubaoni, akampa Marketta mikono yote miwili juu ya ubao kama kawaida yao. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Marketta alikuwa na maneno mengi ya busara aliyoyaandaa asubuhi, na yote yakamkimbia.

"Nenda kanisumbue," akasema.

"Umekosea vifungo vya koti," Saimi akajibu, akaondoka.

Mruko wa kwanza ulikuwa lutz, mkubwa kuliko yote, mizunguko mitatu. Saimi aliuendea vizuri, akapaa vizuri, halafu hapo hewani mwili ukasita na kufunguka, akatua akiwa amezunguka mara moja tu. Hakuanguka. Mtu asiyejua angepiga makofi. Lakini pale zilikwenda alama zaidi ya tano, na hazikuwa za kurudi.

Haya, sasa hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Yule binti hakuvunjika. Mruko wa pili akaupiga safi, wa tatu safi, wa nne akauunganisha na mwingine kama hana hili wala lile. Zile pia zake zilikaza bila kuyumba. Mikono ya Marketta ilikuwa ikigonga ubao, na kichwa chake kilikuwa kinajumlisha, mruko baada ya mruko, kama alivyozoea. Alikuwa na jicho ambalo halikukosea zaidi ya nukta mbili. Wa tano, safi. Wa sita, safi tena, na ni bora kuliko ulivyowahi kuwa mazoezini. Muziki ukapungua kasi, Saimi akaingia kwenye mfululizo wa hatua, zile zinazozunguka uwanja mzima na kupita mbele ya mlango wa makocha, na Marketta akapata jumla yake.

Akiruka ritberga ya mizunguko miwili kama ilivyopangwa, na akaimaliza pia ya mwisho bila kosa, atapata hamsini nukta tatu. Ikizidi sana, nukta nne.

Akajumlisha tena. Ikatoka ileile.

Kitu gani kingine kingewezekana? Kuirudia lutz kulitaka mwendo mrefu na miguu isiyochoka, na Saimi hakuwa na kimojawapo. Ule mruko wake mwepesi wa mizunguko mitatu alikuwa ameshautumia mara mbili, na sheria haimpi mtu kitu akiurudia mara ya tatu: unaruka, unatua, watu wanakushangilia, na kwenye karatasi panaandikwa sifuri. Wangapi wamelia kwa kosa hilo, mtu katika joto la mchezo anasahau kuhesabu, anaruka bure. Ikabaki ritberga. Mitatu.

Na hesabu ya ritberga ina ajabu yake, ukimwambia mtu wa nje ataona unamfanyia mzaha. Mizunguko miwili iliyotua vizuri inalipa mbili na ushee. Mizunguko mitatu iliyotimia hewani, hata kama mtu anatua kwa makalio, inalipa karibu tatu. Kuanguka kunakatwa alama nzima, kweli, lakini inakatwa kwenye jumla kuu, ile inayompanga mtu nafasi yake. Ufundi hauguswi na makato hayo. Kwa hiyo Saimi angeweza kuanguka mbele ya watu wote, ateremke nafasi, na bado avuke hamsini na moja kwa upana wa unywele. Sharti moja tu: asifunguke hewani. Azunguke mpaka mwisho, halafu barafu imfanye itakalo.

Marketta alijua haya yote kwa muda usiozidi pumzi mbili. Na alijua pia kwamba Saimi anakuja. Hatua zilikuwa zinamleta, sekunde nane, saba, atapita mbele ya mlango, atamtazama, maana siku zote alimtazama pale. Kuonyesha vidole vitatu tu kungetosha. Makocha wote wanafanya hivyo.

Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kuinuka. Marketta akauona kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine, mkono uleule wa Alhamisi ile, uliokuwa umenyoosha kidole kuelekea katikati ya uwanja. Akaogopa. Ukweli usemwe, aliogopa kuliko binti. Huyu ana kazi inayomngoja, wodi ya kusimama saa nane kwa siku, kifundo chenye skrubu mbili ndani yake. Mashindano ya dunia ni siku moja, mguu ni wa maisha. Hata hivyo kama angeunyima mkono ule ruhusa ya kuinuka, basi ni yeye, Marketta, aliyekuwa anamnyima Saimi kitu pekee alichowahi kukiomba. Hakujua lipi ni la haki. Alichojua ni kwamba hataomba, hata iweje. Akaitoa mikono yote miwili juu ya ubao na kuitia mfukoni mwa koti, akaibana humo.

Saimi akapita. Akamtazama.

Kisha akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume akivuta kasi, na Marketta akaona jinsi bega la kushoto lilivyotulia, akajua. Kwa mizunguko miwili mtu hahitaji kasi ile. Alitaka kufumba macho, lakini miaka thelathini na minne haimruhusu mtu kufumba macho. Saimi akakaa kwenye mguu wa kulia, akazama, akapaa. Moja. Mbili. Mwili haukufunguka. Tatu, na chuma cha kiatu kikagusa barafu, na mguu ukamkimbia chini yake, akaanguka kwa nyonga na kuteleza mpaka karibu na ubao wa upande wa pili.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Wafini si watu wa kupiga kelele, lakini masikitiko yao unayasikia. Saimi alikuwa ameshasimama. Akatikisa mguu wa kulia mara moja, akapiga hatua, mguu ukamshika, akaingia kwenye pia yake ya mwisho huku watu wakimpigia makofi ya pamoja, yale ya kumtia moyo mtu aliyeharibikiwa. Muziki ukaisha. Alama za barafu zilikuwa zimemjaa ubavuni.

Marketta alimpokea mlangoni, akampa vifuniko vya kuvika vyuma vya viatu, akamwekea koti mabegani. Wakaenda kukaa benchini. Yrjö pale nyuma alikuwa ameshavua kofia kama mtu aliyefika matangani.

Alama hazikutoka upesi. Kwenye meza ya ufundi watu watatu walikuwa wakirudia picha ya ule mruko polepole, wakitafuta ni wapi hasa chuma kiligusa, kama mizunguko imetimia au imepungua. Ikipungua robo tu, inapunguziwa thamani, na nukta zilizokuwa zinatafutwa hazikuwa za kupunguziwa. Marketta aliinamisha kichwa ili kamera isione mdomo wake.

"Nani alikwambia uruke mitatu?"

"Wewe," Saimi akasema. Alikuwa bado anahema.

"Mimi sikufungua mdomo."

"Uliitia mikono mfukoni." Saimi akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Miaka kumi na saba, Marketta. Nimekuona na homa, nimekuona siku ya nyuzi thelathini chini ya sifuri taa zimekatika, sijawahi kukuona na mikono mfukoni. Nikajua umeshahesabu na haifiki. Ingekuwa inafika, ungekuwa unagonga ubao."

Marketta akamwambia ukweli.

"Niliificha ili nisikuombe."

"Najua. Kama ungeniomba ningeogopa. Ningeona unaogopa wewe."

Skrini ilikuwa bado tupu. Halafu Marketta akakumbuka jambo, akageuka kumtazama nyonga.

"Na ile ngazi ya sauna?"

"Bibi yangu anaishi ghorofa ya nne mjini, wewe mwenyewe umeshakula kwake. Sauna yenye ngazi ataitoa wapi?"

Akaeleza kwa kifupi. Tangu mwezi wa kumi, kila Jumapili asubuhi, wakati Marketta anakwenda kumwogesha mama yake kule Siilinjärvi, Saimi alikuwa akija uwanjani peke yake. Ritberga, mitatu, mara nne kila Jumapili, halafu basi. Ameanguka mara thelathini na moja, kwa hesabu yake. Amesimama mara tano. Hakumwambia kwa sababu alijua angekatazwa, na alijua angekatazwa kwa mapenzi, na hayo ndiyo makatazo magumu kuyavunja. Marketta alisikiliza akiwa hajui amkasirikie au amkumbatie. Alijisikia mjinga pia, lazima isemwe, mwalimu mzima kudanganywa na ngazi.

Skrini kubwa ikawaka. Jumla kuu, pamoja na alama moja iliyokatwa kwa kuanguka. Saimi Hautaviita, Ufini, nafasi ya kumi na tatu. Ukumbi ukapiga makofi ya upole, na Yrjö akainama juu ya benchi akamshika Saimi bega, machozi yanamlengalenga.

"Pole, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake inayofika hadi maegesho ya magari. "Pole sana. Ungeruka yako miwili, ungebaki na kumi yako."

"Yrjö," Marketta akasema, "nyamaza kidogo."

Maana chini, mbele ya benchi, palikuwa na skrini nyingine ndogo, inayowageukia wanaokaa tu, na hiyo ndiyo inayochambua: madaha kiasi gani, makato kiasi gani, ufundi kiasi gani. Maandishi yake ni madogo. Marketta alikuwa ameiacha miwani kwenye mfuko wa koti, akaitafuta, Saimi akawa amemtangulia kusoma. Alimshika mwalimu wake kiwiko na kukibana mpaka kikauma.

Hamsini na moja, nukta sifuri sita.

Marketta akaisoma mara tatu. Akausoma na mwisho wa safu ya miruko: ritberga, mizunguko mitatu, imetimia, ameanguka. Basi akalia. Alilia wazi, bila kuinama, kamera ikamchukua, na watu walioona nyumbani bila shaka walisema masikini kocha wa watu, nafasi ya kumi na tatu imemuuma. Yrjö, ambaye alikuwa hajaelewa bado, akamletea kitambaa cha kufungia kalakukko. Kilinuka samaki, akajifutia hichohicho.

Saimi alikuwa halii. Alikuwa ameinama anafungua kamba za kiatu cha kulia, taratibu, akitoa tundu moja baada ya jingine, kisha akautoa mguu na kukizungusha kifundo huku na huku mbele ya macho ya mwalimu wake, ili aone mwenyewe kwamba ni kizima.

"Ile kahawa ya mwaka juzi, Marketta," akasema. "Hatukuinywa."